Lion Man: shujaa Mweusi aliyekosa karatasi

Juni 1947, jijini Philadelphia, kilitoka kitabu cha katuni cha kurasa 48, bei senti 15. Msomaji akifungua jalada, kabla hajaifikia picha ya kwanza ya hadithi, anakutana na barua ya mchapishaji. Barua inasema kwamba kila mpigo wa brashi na kila mstari wa kalamu uliomo humo umetoka katika mikono ya wachoraji Weusi, na kwamba hakuna mchoro hata mmoja uliowahi kuchapwa mahali pengine. Chini kuna jina: Orrin C. Evans, rais wa kampuni. Kampuni na kitabu vilikuwa na jina moja, All-Negro Comics. Leo neno hilo la katikati linaudhi, lakini wakati ule ndilo Wamarekani Weusi walilojiitia wenyewe, tena walipigania miaka mingi magazeti ya Wazungu yaliandike kwa herufi kubwa.

Katika kurasa hizo ndimo alimozaliwa Lion Man, mwanasayansi kijana aliyetumwa Afrika kulinda mlima wenye urani. Toleo la pili halikutoka. Shujaa huyo alionekana mara moja tu, akatoweka.

Historia ya mashujaa Weusi wa katuni kwa kawaida huanzia kwa Black Panther, katika toleo la Fantastic Four la Julai 1966. Hapo tayari imeruka miaka 19. Ukiuliza ilikuwaje yule wa mwanzo akapotea, utajibiwa haraka: soko halikuwa tayari. Jibu hilo nimelikataa, na kisa hiki nakiandika kwa sababu hiyo. Soko halikuulizwa. Msomaji hakupewa nafasi ya kukataa wala kukubali, kwa kuwa toleo la pili lilizuiwa kabla halijamfikia.

Kwanza tuone mtoto Mweusi wa Marekani alikuwa akisoma nini miaka hiyo. Mwaka 1940 Will Eisner alianza kuchora The Spirit, na pembeni ya mpelelezi wake akamweka kijana dereva wa teksi aitwaye Ebony White: midomo imevimba, macho yametoka, Kiingereza kimevunjwavunjwa ili watu wacheke. Mwaka uliofuata kampuni ya Timely, iliyokuja kuitwa Marvel, ilitoa Young Allies, na ndani yake mvulana aliyepewa jina la Whitewash Jones. Fawcett nao, katika hadithi za Captain Marvel, walikuwa na mtumishi aitwaye Steamboat, aliyechorwa karibu na sokwe kuliko mtu. Haya hayakuwa magazeti ya vichochoroni. Yaliuzwa kwa mamilioni ya nakala na kusomwa na watoto wa kila rangi.

Watoto wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 1945 wanafunzi wa New York, wa kikundi kilichoitwa Youthbuilders, walikwenda mpaka ofisi za Fawcett wakiwa na picha ya Steamboat iliyokuzwa. Walimwambia mhariri kwamba huyo siye mtu Mweusi, ila wasomaji wao wote watadhani ndiye. Steamboat aliondolewa. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba miaka miwili kabla ya Evans, hamu ya kuona picha tofauti ilikuwepo, tena ilikuwa na sauti na miguu ya kuipeleka ofisini.

Evans hakuwa mchoraji. Alikuwa mwandishi wa habari, mzaliwa wa 1902 huko Steelton, Pennsylvania. Alifanya kazi kwenye Philadelphia Tribune, gazeti la Weusi, kisha miaka ya mwanzo ya 1930 akaajiriwa na Philadelphia Record, gazeti la Wazungu. Alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kabisa kuandika habari za kila aina katika gazeti kubwa la namna hiyo, badala ya kufungiwa kwenye habari za watu wake. Mwaka 1944, vita vikiendelea, aliandika mfululizo wa makala kuhusu ubaguzi ndani ya jeshi la Marekani. Makala hizo zilisomwa na kuingizwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, naye akapokea vitisho vya kuuawa. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa kutishika haraka, wala hakuwa mgeni katika biashara ya kuchapa.

Mwanzoni mwa 1947 Philadelphia Record lilifungwa. Chama cha wafanyakazi wa magazeti kilikuwa kimegoma, na mwenye gazeti akaamua kuuza kuliko kukubaliana nao. Evans, mwenye umri wa miaka 44, alijikuta hana kazi. Ndipo alipowaendea watu aliofanya nao kazi hapo hapo, akiwemo mhariri wake wa zamani Harry T. Saylor na Bill Driscoll wa kurasa za michezo, wakaunda kampuni. Wachoraji aliwatafuta mjini Philadelphia. Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa damu, George J. Evans Mdogo, naye ndiye aliyemchora Lion Man.

Kitabu kilikuwa na mchanganyiko wa kila kitu, kama gazeti la familia. Kulikuwa na Ace Harlem, mpelelezi Mweusi aliyechorwa na John Terrell; viumbe wadogo wa majini kwa ajili ya watoto; wanamuziki wawili watembezi wenye njaa na vituko; ukurasa wa wasichana na mitindo ya mavazi; na hadithi moja ya maandishi matupu. Jarida la Time liliandika habari zake Julai 1947. Liliona kwamba majambazi katika hadithi ya Ace Harlem ni vijana Weusi wa mtaani, na kwamba mchapishaji mwingine yeyote angeshutumiwa kwa kuwachora vile. Lakini hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ukiwa na mpelelezi Mweusi, mwenye duka Mweusi, jambazi Mweusi na shangazi Mweusi katika kurasa zile zile, jambazi anakuwa jambazi tu. Habebeshwi mzigo wa kuwakilisha taifa zima.

Turudi kwa Lion Man. Barua ya Evans inasema shujaa huyu amebuniwa ili Wamarekani Weusi waione roho yao ya ujasiri na wauthamini zaidi urithi wao wa Kiafrika. Kazi aliyopewa ni ya ajabu kwa mwaka ule. Umoja wa Mataifa, uliokuwa na umri usiozidi miaka miwili, unamtuma Gold Coast, Ghana ya leo, akaulinde Mlima wa Ajabu. Ndani ya kasoko la mlima huo kuna hazina ya urani kubwa kuliko zote duniani, inayotosha kutengeneza bomu la kuiangamiza dunia. Wajibu wake ni kuhakikisha hakuna taifa linaloichota kwa ajili ya vita. Adui yake ni Dk. Blut Sangro, jina lililobeba damu mara mbili: blut ni damu kwa Kijerumani, na sangro inafanana mno na neno la Kihispania lenye maana hiyo hiyo. Msaidizi wake ni mtoto yatima mtukutu aitwaye Bubba.

Itazame kazi hiyo kwa jicho la 1947. Hiroshima ilikuwa imepigwa Agosti 1945. Gold Coast ilikuwa koloni la Waingereza, na uhuru wake ulikuwa bado miaka kumi mbele. Katika sinema na katuni nyingine nyingi, Mweusi aliyekuwepo Afrika alikuwa mpagazi wa Mzungu au mla watu. Hapa kuna Mweusi msomi, aliyeaminiwa na mataifa yote ya ulimwengu kulinda kitu cha hatari kuliko vyote, tena katika ardhi ya Afrika, dhidi ya wanaokuja kuiba. Hakuruka angani, hakuwa na ngozi ya chuma. Nguvu yake ni elimu, misuli na dhamana aliyokabidhiwa. Kama kuna anayesema basi huyo si shujaa kamili wa katuni, namkumbusha kwamba Batman naye hana zaidi ya hayo.

Halafu kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama. Urani ya kweli, sehemu kubwa ya ile iliyoingia katika bomu la Hiroshima, ilitoka Afrika. Ilitoka Shinkolobwe, Katanga nchini Kongo, karibu na Likasi, katika mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mwaka 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba wa siri wa kujihakikishia mawe hayo. Watu walioyachimba walikuwa Waafrika, na lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Hakuna aliyewauliza, hakuna aliyewaambia mawe yanakwenda kufanya nini, na Umoja wa Mataifa haukumtuma mtu yeyote kuyalinda.

Sidai kwamba George Evans alizijua siri hizo. Alichora mlima wa kubuni, akauweka magharibi mwa bara, mbali na Katanga. Lakini wazo lenyewe, kwamba mali ya kuteketeza dunia iko chini ya ardhi ya Afrika na kwamba mlinzi wake awe mtu Mweusi, lilikuwa karibu na ukweli kuliko mengi yaliyoandikwa kwenye magazeti makubwa ya wakati ule.

Hata hivyo nikisema nimeridhika na mchoro wenyewe nitakuwa nadanganya. Lion Man ni mwanasayansi, lakini amechorwa kifua wazi, na vazi la kiunoni tu. Ni Tarzan aliyebadilishwa rangi. Mtu aliyetumwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1947 angeshuka bandarini Takoradi na suruali, kofia na sanduku la vyeti. Gold Coast ya mwaka ule ilikuwa na magazeti yake, wanasheria wake, wakulima wa kakao, shule ya Achimota. Hakuna chochote cha hayo katika picha. Kuna msitu, kuna mlima, kuna hatari. Hata Bubba, mtoto wa Kiafrika, ana jina la utani la Kimarekani la kusini. Ndugu wawili wa Pennsylvania walitaka kuwarudishia watu wao Afrika, na Afrika pekee waliyoweza kuichora ni ile waliyofundishwa na sinema za Wazungu. Siwalaumu sana, maana hakukuwa na picha nyingine mkononi. Lakini ni kasoro, na ni kasoro iliyorudi. Mwaka 1954 kampuni ya Atlas ilitoa Jungle Tales, na ndani yake Waku, mwana wa mfalme wa Wabantu, kana kwamba Bantu ni kijiji kimoja chenye chifu mmoja. Sisi tunaozungumza lugha ya Kibantu tunajua ukubwa wa jina hilo.

Sasa tufike kwenye karatasi.

Biashara ya katuni ya Marekani wakati ule ilikwenda hivi. Mchapishaji ananunua karatasi ya magazeti, ile nyembamba ya bei nafuu. Anamlipa mchapaji. Kisha anamkabidhi msambazaji mabunda, na msambazaji anayapeleka kwenye vibanda na maduka ya dawa kwa mali kauli: kinachouzwa kinalipiwa, kisichouzwa kinarudishwa. Mchapishaji anatoa fedha zote mwanzo na anasubiri miezi kurudishiwa. Mwenye vitabu thelathini anaweza kubeba hasara ya kimoja. Mwenye kitabu kimoja hana pa kushika. Evans aliuza kwa senti 15 wakati katuni nyingi ziliuzwa kwa senti 10, na tofauti hiyo ya senti tano mfukoni mwa mtoto ilikuwa nusu ya kitabu kingine. Huo ulikuwa ugumu wa kwanza, na ulikuwa wa kawaida kwa kila kampuni changa.

Ugumu wa pili haukuwa wa kawaida. Toleo la pili lilikuwa tayari, michoro imekamilika. Evans alipokwenda kununua karatasi, hakuuziwa. Aliyemuuzia ya toleo la kwanza alimgeuka, na wengine aliowaendea hawakumpa. Kwa mtu aliyekulia katika magazeti, anayejua nani anauza nini na kwa bei gani, kukosa karatasi kabisa si jambo la kuelezwa kwa uzembe.

Kuna maelezo mawili, na haki ni kuyapima yote. La kwanza ni uhaba. Baada ya vita karatasi ya magazeti ilikuwa adimu kweli nchini Marekani, na wachapishaji wakubwa walikuwa na mikataba iliyowapa kipaumbele. La pili ni kwamba alizuiwa: wasambazaji hawakutaka kitabu cha Weusi vibandani mwao, na kampuni kubwa za Wazungu, zilizokwisha kuona kwamba msomaji Mweusi ana fedha, hazikutaka Mweusi awe mwenye duka. Wengi waliofuatilia habari za Evans wanaegemea hapa.

Mimi naona maelezo hayo mawili hayapingani, bali yanashikana mikono. Bidhaa ikiwa adimu, muuzaji ndiye anayechagua nani apate. Na tazama nani alipata. Mwaka huo huo wa 1947 wachapishaji wa Parents' Magazine walitoa Negro Heroes, kitabu kilichokusanya hadithi za Weusi mashuhuri wa kweli, nyingi zikiwa zimekwisha kuchapwa katika vitabu vyao vingine. Mwaka 1948 wakatoa toleo la pili. Fawcett, wale wale wa Steamboat, walitoa vitabu vya bondia Joe Louis na mchezaji besiboli Jackie Robinson, na mwaka 1950 wakatoa Negro Romance, kitabu cha hadithi za mapenzi kilichochorwa na Alvin Hollingsworth, mchoraji Mweusi hodari. Kwa hao karatasi ilikuwepo. Nikiisoma upya ile barua ya Evans, na msisitizo wake kwamba hakuna mchoro uliowahi kutoka mahali pengine, naona kama anaweka mpaka: wengine wanaweza kukusanya habari zetu, sisi tunazitunga.

Tena angalia aina ya Mweusi aliyekubalika kuchapwa. Bingwa wa ndondi, bingwa wa besiboli, wapenzi wawili wanaogombana. Wote hawa wanabaki ndani ya uwanja, ndani ya ulingo, ndani ya nyumba zao. Mweusi mwenye kutumwa na mataifa, mwenye neno katika mambo ya bomu na vita, hakupatikana tena katika katuni za Marekani kwa muda mrefu.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba mlango haukuwa umefungwa kwa Evans peke yake. Kampuni ya EC ilichapa mwaka 1953 hadithi fupi ya anga ambayo mwishoni mwanaanga anavua kofia na kuonekana ni Mweusi. Ilipotaka kuirudia mwaka 1956, msimamizi wa kanuni mpya za maadili ambazo wachapishaji wa katuni walijiwekea aliagiza uso huo ubadilishwe. Wahariri walikataa, hadithi ikatoka kama ilivyokuwa, na lile likawa toleo la mwisho la katuni la kampuni hiyo. Mwaka 1965 Dell walimtoa Lobo, mpanda farasi Mweusi wa magharibi mwa Marekani, wa kwanza kupewa kitabu chenye jina lake. Mchoraji Tony Tallarico alisimulia baadaye kwamba mabunda yalirudishwa bila kufunguliwa. Matoleo mawili, basi. Mwaka mmoja baadaye, Marvel walipomwandaa Black Panther, jalada lilikuwa limechorwa na kinyago cha nusu uso kilichoacha ngozi ionekane. Lilichorwa upya, uso wote ukafunikwa.

Bunda lililorudishwa bila kufunguliwa, hilo ndilo nalishikilia. Hapo hakuna msomaji aliyeonja akatema. Mtu wa katikati, mwenye gari na kibanda, alitazama picha ya juu akaamua kwa niaba ya mji mzima. Kisha hesabu zikaandikwa: hakikuuzika. Na hesabu hiyo ndiyo iliyotolewa kila mara mchoraji Mweusi alipobisha hodi.

Evans alirudi kwenye kazi yake ya kwanza. Aliandika Chester Times, baadaye Philadelphia Bulletin, na aliendelea na uandishi mpaka karibu na kifo chake mwaka 1971. Nakala za kitabu chake zikawa adimu kiasi cha kutafutwa na wakusanyaji kama vito.

Haki ya kunakili haikuhuishwa, hivyo Lion Man leo ni mali ya umma. Yeyote anaweza kumchora. Aliyeichukua nafasi hiyo ni mhariri Chris Robinson, aliyekirudisha kitabu chote kwa kumbukumbu ya miaka 75, kurasa zikiwa zimesafishwa, na kuongeza hadithi mpya za wahusika wale wale zilizotungwa na kuchorwa na Weusi wa kizazi hiki. Karatasi ilipatikana. Julai 2024, jijini San Diego, toleo hilo lilipewa tuzo ya kazi bora ya kumbukumbu katika vitabu vya katuni. Tuzo hiyo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo nchini Marekani, na imepewa jina la Will Eisner, mchoraji wa Ebony White.